Gemu ya Marehemu Ilipokamatwa na Mtani

Siku tuliyoanua matanga ya mume wangu, uani tulikuwa hivi. Mimi mjane, juu ya mkeka. Binti yangu wa kwanza, aliyefika jana yake kwa basi kutoka Arusha. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye aliyeshika shughuli. Mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake, fundi redio wa Singida mjini, anakaa Mwankoko. Na mtani wetu, mama wa Kisukuma, ambaye mumewe alifanya kazi ya reli pamoja na wangu kule Manyoni, tukakaa nyumba moja miaka mingi, ukuta kwa ukuta. Majirani nao walikuwepo. Mwinjilisti alikuwa ameshamaliza sala akaenda zake. Majina yao wote ninayo, na ya wazazi wao pia. Siyaandiki kwa sababu wengine wana wajukuu wanaosoma, na jambo lenyewe mpaka leo lina ubishi.

Ubishi ni wa gemu.

Binti yangu alikuwa anapika kwa familia moja huko Arusha. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Sisi tuliopanga foleni ya sabuni tukaona madukani vitu vya kila namna, mpaka macho yakachoka. Mtoto wa mabosi wake alinunuliwa gemu mpya, ile ya zamani akampa mpishi. Ilikuwa ndogo, ya kuenea kiganjani, inafunguka kama kitabu, kioo juu na kioo chini. Ndani ya vioo kuna kijitu cheusi kinakimbia kudaka mizigo inayodondoka. Kikidaka, gemu inalia ti. Kikikosa, inalia kwa ubaya. Nilimuuliza binti yangu, ya nini hii? Akasema, ya baba.

Baba yake kiharusi kilikuwa kimeshampiga. Upande wa kulia haukuwa wake tena, na maneno yalikwisha. Daktari wa zahanati alisema vidole vya kushoto vipewe kazi visije navyo vikalala. Basi vikapewa ile. Alianza vibaya, analia kwa hasira, anaitupa. Baadaye akaweza. Mtu aliyesukuma mabehewa ujana wake wote, akawa anashinda kitandani anadaka mizigo kwa kidole kimoja.

Ilikwenda hivyo miaka mitatu. Nikitwanga uwele nje nasikia ti, ti, ti, najua yu macho. Ikinyamaza naacha mchi naingia ndani: kalala, au kateleza, au anataka kugeuzwa. Sitasema uongo kwamba niliipenda ile sauti. Kuna siku niliomba betri ziishe. Na zikiisha, ni mimi niliyekuwa wa kwanza kutafuta mtu wa kwenda Nduguti au Kiomboi anitafutie betri za saa. Nilichoka kuisikia, na nilichoka zaidi nisipoisikia.

Sasa, kwa wasiojua mila yetu Wanyiramba na Wasukuma: mtani msibani ana ruhusa yake. Anamkamata marehemu kitu chake, anakificha, na wafiwa wanakikomboa kwa kitu kidogo, kuku, au kibuyu cha togwa. Wasipokikomboa mpaka akatoka nacho mlango wa ua, ni chake. Hakuna kununa wala kumfuata.

Mtani wetu alikuwa amewachekesha watu tangu asubuhi. Alikwenda kukaa kwenye kiti cha marehemu, akapinda mdomo upande mmoja kama yeye, akaashiria kwa mkono wa kushoto aletewe uji. "Na usiwe wa Kinyiramba," akasema, "ule mwepesi mpaka unamwona samaki akiogelea ndani." Tulicheka. Mimi nilicheka mpaka nikashika ubavu. Kisha akaingia ndani, akatoka na gemu kaibana kwapani.

"Haya Wanyiramba! Mtumwa wangu kaniachia urithi. Nakwenda nao Usukumani."

"Weka chini, mwizi wewe," shemeji akamwambia. "Vijiko vyetu vya Manyoni mpaka leo hatujaviona."

"Vijiko vya mti vile? Nilivifanya kuni. Nataka kuku. Tena mtetea, maana jogoo wenu nimemwona, amekonda mpaka anatembea kwa aibu."

Shemeji akaenda nyuma ya jiko kumkimbiza mtetea. Mpaka hapo mambo yalikuwa sawa, kila mtu anajua gemu itarudi ndani.

Ndipo mpwa akanyoosha mkono. "Hebu niione, mama." Mtani akampa. Akaifungua, akaigeuza, akakagua pale pa kuingizia betri kama mtu anayenunua ng'ombe anavyokagua meno. Akabonyeza. Ikalia ti. Mimi niligeuka kutazama mlango wa chumba. Nadhani hakuna aliyeniona.

"Mnajua hii mjini inakwendaje sasa?" mpwa akasema. "Beberu mzima. Na huipati kila siku."

Watu wakacheka, wakadhani naye anatania. Yeye hakucheka.

"Beberu gani?" binti yangu akamuuliza. "Mimi nilipewa bure, karibu itupwe."

"Ulipewa bure kwa sababu wakati ule zilikuwepo, dada. Wanaozitengeneza wameacha. Siku hizi zinakuja za kupanga matofali tu, zimejaa kila duka. Hizi za kukunja zilizobaki ndizo hizo hizo, na kila siku kuna anayeiangusha, kuna anayeikalia."

"Na nani mwenye akili zake atoe beberu anunulie mtoto mchezo?"

"Nani kakwambia anayenunua ni mtoto? Anayenunua ana ndevu. Aliitamani akiwa shule ya msingi, mwenye nayo akamnyima hata kuishika. Sasa ana mshahara."

Shemeji akatokea na mtetea, kamshika miguu, anahema. Mtani akamtazama kuku. Akaitazama gemu mkononi kwa mpwa, akaichukua taratibu, akairudisha kwapani.

"Kuku mrudishe bandani, atage," akasema. "Nataka beberu."

Watu wakacheka tena, ila kicheko kile hakikufika mbali.

"Huo ndio utani sasa?" shemeji akauliza.

"We ulishaona wapi mtani anapunguziwa?"

Beberu hatukuwa naye. Wa mwisho alikuwa sufuriani, tunasubiri aive. Na mimi nilijua jambo ambalo wengine hawakulijua: mume wa yule mama alikuwa amepunguzwa kazi reli pamoja na wenzake wengi, na yeye alikuwa anahangaika na ndoo ya dagaa, leo Manyoni, kesho Itigi. Nilimwona usoni. Alikuwa ameanza kwa mzaha na sasa hajui atokeje. Shemeji anafoka, binti yangu anataka kulia, mpwa anachezea shati lake anangoja. Wote wananitazama mimi. Na mimi nilikuwa nataka watu waondoke nilale.

Nikasema, "Chukua. Hata mwenyewe ilimchosha."

Ni jibu la utani. Ndivyo tunavyojibu, ukichokozwa unarudisha. Watu wakaangua kicheko. Mtani hakucheka. Alinisogelea pale mkekani, akainama.

"Mtani," akaniuliza polepole, "unanitania au unanipa?"

Hapo ndipo ningesema. Alinifungulia mlango kabisa. Nikajibu, "Mnyiramba hatoi kitu mara mbili."

Akasimama. Akatoka mlango wa ua. Mpwa akamfuata, na walipofika barabarani wakauziana.

Nitasema kweli, nilijisikia mwepesi. Nililala siku tatu kama mgonjwa, binti yangu ananiamsha nile. Siku ya nne nikatoka kutwanga. Nikapiga mchi mara mbili tatu, nikasimama kusikiliza. Nikapiga tena, nikasimama. Mpaka jua likapanda uwele ulikuwa haujafika nusu.

Mwezi ulipoisha nikapanda lori la vitunguu mpaka Singida, nikaenda kibandani kwa mpwa. Alinisalimia vizuri, shikamoo mama, akanipa kigoda, akaagiza chai. Nikamwambia nimefuata ile. Nilikuwa na mbuzi jike wa shemeji, alikubali kunipa.

Akaacha kazi yake. "Mama, mbona hukusema siku ile? Nimeshaifungua."

Hakuiuza nzima. Kioo cha juu alikitia kwenye gemu ya mwalimu mmoja. Kile kinachotoa sauti alikitia kwenye ya karani wa benki. Akanionyesha kopo la maziwa lenye magamba matupu, yamefunguliwa kama njugu. "Vipuri haviji popote," akasema. "Ili moja ipone lazima nyingine ife. Zinapungua kila ninapotengeneza, na kila zikipungua bei inapanda. Hata mimi sipendi."

Akanipa ya matofali, mpya, bado iko kwenye nailoni. "Chukua bure, mama. Nayo inalia."

Nikaibonyeza, nikaisikiliza. Nikamrudishia, nikanywa chai yangu, nikatafuta lori la kurudi.

Sasa binti yangu anasema nilitamka chukua baada ya bei kutajwa, nikijua, kwa kiburi mbele za watu, nikatupa kitu cha baba yake. Mpwa anasema nilitamka kabla, kuku bado anakimbizwa, kwa hiyo ilikuwa imeshakuwa ya mtani, yeye hakumchukulia mjane kitu. Mimi naikumbuka kama nilivyoandika, lakini nilikuwa sijalala vizuri miaka mitatu. Shemeji ameshakufa, na mtani alihamia kwao na mumewe, sijui kama yu hai. Mliobaki mliokuwa uani siku ile, au mliosimuliwa na mama zenu, kama nimekosea njooni mniambie, neno langu lilitangulia au bei ilitangulia. Msione aibu kunisahihisha. Nipo nyumbani, siendi mbali siku hizi.