Turubai la Bluu na Simu Niliyokuwa Nailaza

Nyumba yangu iko Madale, juu kabisa kilimani, na hakuna tofali ndani yake ambalo si jasho langu. Shule niliishia darasa la nne. Lakini iwe harusi, kipaimara au msiba, kuanzia Kiwalani mpaka Mbezi Beach, watu wanakaa kwenye viti vyangu chini ya maturubai yangu. Sijisifu. Nenda kaulize.

Nilianzia Kiwalani, chumba kimoja cha kupanga, umeme wa kugawana. Ukitoka, zima taa. Tabia hiyo ndiyo iliyonijenga, na hadi leo napita nyumbani kwangu nikizima taa, mke wangu nyuma yangu akiziwasha. Na simu nikaifanyia hivyo hivyo. Nikishasoma meseji, napitisha kidole nafunga kila kitu, kioo kinabaki kitupu. Programu inayofanya kazi kimya kimya huku siioni, mie niliiona kama mpangaji aliyeacha pasi inawaka. Inakula chaji, inakula bando, ya nini?

Stoo yangu imebaki Kiwalani, pamoja na msimamizi wangu na vijana wa kufunga maturubai. Kule, mtu akifariki kamati ya mtaa haimpigii mwenye turubai yeyote. Inaandika kwenye grupu: tuna msiba, yanahitajika maturubai na viti. Wa kwanza kujibu ndiye anayefunga. Utaratibu huo waliuweka ili asije mtu akasema kamati inapendelea. Na kwa Waislamu maiti hailali, kwa hiyo hakuna cha kungoja. Mie nilikuwaga wa kwanza siku zote.

Nikanunua simu mpya, kubwa, ya kuweka mezani watu waione. Misiba miwili ikanipita. Naigusa simu jioni, meseji zinamiminika zote kwa mpigo, za tangu asubuhi. Aliyefunga ni jamaa mwenye maturubai ng'ambo ya barabara na stoo yangu, mshindani wangu wa miaka yote. Tulipokutana hakuniacha.

"Braza, umehamia milimani. Au mtandao unachoka kupanda kilima?"

"We subiri," nikamwambia.

"Nasubiri nini? Mie nafunga tu."

Usiku ule nilimwambia mke wangu kwamba jamaa kanifunga nyota. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Mie sikucheka, kwa sababu mzee alikuwa mgonjwa. Mzee huyu ndiye aliyekuwa mwenye nyumba wangu Kiwalani. Alikuwa na turubai moja la bluu, la shughuli za familia yake. Siku moja aliniona nimekaa barazani sina kazi, akanitupia miguuni. "Lipangishe, ule." Yote niliyonayo yalitoka chini ya turubai lile. Nilikwenda kumwona, kalala, mwili umekwisha lakini ulimi uko vilevile.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umenenepa. Sikiliza, siku yangu usiniletee yale meupe ya maharusi. Nataka langu."

"Utapona bwana, mzee."

"Nimekuuliza kama nitapona? Nimekwambia turubai."

Nikamwahidi. Kisha nikarudi Madale na hofu moja tu: siku hiyo ikifika, simu italala tena, jamaa atawahi, na mzee wangu atasindikizwa chini ya turubai la mtu mwingine.

Mke wangu ndiye aliyenipa mwanga. Tulikuwa tumekaa kochi moja. Akaniandikia meseji. Simu yangu kimya. Akangoja. Kimya. Akaniambia niifungue programu, na palepale meseji ikadondoka: "Mume wangu, niletee maji."

"Umeona? Haiumwi hiyo," akasema. "Wewe ndiye unailaza. Unamfungia mlinzi ndani, halafu unalalamika hakuona mwizi."

Sikumpelekea fundi. Simu yangu nimeiweka Kiswahili, na Kiswahili najua kusoma vizuri tu. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaifuata betri, nikakuta simu hii mpya imeiweka programu ya meseji, ninayoifunga kila mara, kwenye orodha ya zile zinazolazwa ili kuokoa chaji. Nikaitoa. Nikairuhusu ifanye kazi muda wote, hata kioo kikiwa kimezimika. Nikafuta na programu ya kusafisha simu niliyoiweka mwenyewe, iliyokuwa inafagia kila kilicho wazi kila saa. Mke wangu akatuma tena. Ikalia mfukoni mwangu kama ndege.

"Haya, maji yako wapi?"

Nikamletea.

Ilikuwa asubuhi, niko Mbezi Beach nasimamia nguzo za sherehe, simu ilipolia. Kamati ya Kiwalani. Nikasoma jina la mzee. Nikaandika: "Ni langu." Wa kwanza. Kisha nikamtumia sauti msimamizi wa stoo: "Toa la bluu. Umenisikia? Jeupe lisitoke, la bluu." Tangu mzee alale kitandani nilikuwa sijalipangisha kwa mtu.

Nilipofika Kiwalani vijana walikuwa wanainua nguzo ya kati. Aliyeshika kamba upande wa pili ni yule jamaa, suruali kaikunja, jasho linamtoka.

"Leo umewahi, braza," akasema. "Vuta basi, linalalia kwako."

Tukavuta.

Mama, mke wa mzee, alikuwa ndani na wanawake, keshaanza eda, hatoki. Binti yake akanitumia meseji nikiwa bado nimeshika kamba: "Mama anauliza, ni lile la bluu?"

Nikarudi nyuma mpaka barabarani, nikalipiga picha lote, na kiraka chake pembeni, na watu chini yake. Nikatuma. Nikasimama pale simu mkononi. Kidole changu chenyewe kilikwenda kutaka kufunga, mazoea tu. Nikakizuia.

Ikalia.

"Mama anasema ndilo. Anasema kile kiraka alikishona yeye."