Robine ya Maji ya Moto

Mwaka ule Wakasai, watu wenye asili ya mkoa jirani wa Kasai, walipofukuzwa Katanga, nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya nyumba za mgodi, hapa Kolwezi. Mbele yangu mama mmoja Mkasai alikuwa akirudisha ufunguo wa nyumba yake. Karani alisoma karatasi ya vitu vya nyumba: jiko la umeme, bafu na robine zake mbili za maji, taa ya baraza. Kila mara mama alijibu, "Iko."

"Sasa unarudia kwenu?"

"Kwetu? Mi nilizaliwa mu ile nyumba, tata."

Karani akampa ufunguo mwanamume aliyesubiri kando, mpangaji mpya kutoka kaskazini mwa Katanga. Mama akamgeukia.

"Uko na batoto?"

"Batatu, mama."

"Robine ya maji ya moto mu bafu inafunguka kinyume. Mutoto wangu aliungua mukono. Ubaonyeshe leo, mbele ya kuoga."

Yule mwanamume akavua kofia. "Aksanti, mama," akasema, lakini alishindwa kumtazama. Mama akabeba mfuko wake, akaelekea kwenye treni ya kwenda Kasai.

Siku hizo tulihubiriwa kwamba majirani hawa ni maadui. Mimi nilimsikia adui mmoja tu, akihofia ngozi ya watoto asiowajua.