Karatasi ya Dizeli Aliyosomewa Mama Nikiwa Kisiwani

Kaka yangu alimsomea mama yetu barua ambayo sikuiandika. Aliyelisema hilo ni mtani wetu, mzee wa Kinyamwezi, dereva mstaafu wa lori, Jumapili iliyopita kwenye arobaini ya wifi yangu huko Marui, Kisarawe. Alilisema kwa utani, watu wakacheka.

Mimi ni mjane wa miaka sabini na tano, naishi Mbwawa, Kibaha. Nilikuwa mwandishi wa gazeti mpaka nilipostaafu. Admin, jina langu usiliweke, wajukuu wanasoma ukurasa huu.

Mwaka 1974 watu wa kitongoji chetu walitakiwa kuhamia kijiji cha ujamaa, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Kaka alikuwa katibu wa kamati ya kuhamisha watu. Baba alikwishafariki, na mama hakutaka kuiacha nyumba na mikorosho yake. Aliiambia kamati nzima: "Sihami mpaka mwanangu wa gazetini aje aniambie mwenyewe." Maneno hayo alinitumia Dar es Salaam, nikapanga kwenda Jumamosi.

Alhamisi kaka akanifuata ofisini. Akasema kazi ya kuhamisha imesogezwa mwezi ujao, nisijisumbue. "Mdogo wangu, umekonda. Nina rafiki analinda mnara wa taa kwenye kisiwa kidogo, ana nyumba ya wageni pale chini. Kalale usiku mmoja, upate na habari ya kuandika." Nikaenda Ijumaa.

Palikuwa na vyumba vitatu, vitanda vya kamba, na kila mgeni alikuja na maji yake ya kunywa. Mlinzi alikuwa mcheshi. "Mwandishi, usisahau kuwataja kunguni, nao ni watumishi wa siku nyingi hapa." Nilipanda ngazi themanini na nne, nikaandika namna taa inavyotiwa mafuta na vioo vinavyofutwa. Nililala vizuri. Asubuhi boti ilipokuja nikabeba mfuko wangu, mlinzi akanizuia. "Weka mzigo chini, dada. Kaka yako kasema umechoka, urudi na boti ya alasiri." Nikafurahi kwamba nina ndugu anayenijali. Nikakaa kivulini nikala samaki.

Jumapili nilikwenda Marui kumsalimia mama. Nyumba ilikuwa kuta bila paa. Mama nilimkuta kijijini, amekaa nje ya kibanda ambacho hakijakandikwa. Kaka akanieleza kwamba amri ilishuka ghafla na mama aliridhika mwenyewe. Nikaamini. Mama aliitikia shikamoo yangu, akanipa chakula, hakulalamika. Nilimwambia nasikitika sikuwapo. Akajibu, "Si neno, mwanangu. Kazi ni kazi."

Aliishi miaka tisa baada ya hapo. Alikuwa hajui kusoma, na zamani kila karatasi iliyoingia nyumbani niliisoma mimi. Tangu mwaka ule, barua za mjomba kutoka Tanga alizipeleka kwa mwalimu wa kijiji, hata siku ambazo mimi nimekaa naye kwenye mkeka mmoja. Nilidhani ananionea huruma, nipumzike.

Sasa turudi kwenye arobaini. Mtani alikuwa amelikalia sufuria la pilau, hataki mtu apakue, huku akitusimanga. "Wazaramo kwa uongo mna vyeti! Katibu wenu huyu aliyelala ndani alimsomea mama yake karatasi yangu ya kuchukulia dizeli, eti barua ya dada mtu! Na dada mtu mwenyewe kamtupa kisiwani akahesabu mawimbi!"

Nilisogeza kiti karibu naye. Nikamwambia, "Mtani, utani uweke kando. Nieleze."

Aliacha kucheka. Alidhani ninajua, alidhani tulipanga wote wawili, kwa kuwa kaka ndiye aliyemwambia niko kisiwani. Yeye ndiye aliyeendesha lori Jumamosi ile asubuhi. Mama alikuwa amekaa juu ya kinu mlangoni, mikono kifuani. Askari mgambo walikuwa wanasubiri. Kaka akamwomba dereva karatasi yoyote, akaishika mbele ya mama na kuisoma kwa sauti. "Alipomaliza, mama yenu aliinuka mwenyewe," dereva aliniambia. "Hakushikwa na mtu. Akapanda lori, akageukia upande mwingine."

Niliingia ndani kwa kaka. Ana miaka themanini na mbili, figo zinamsumbua.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Ile karatasi ya dizeli, ulimsomea mama maneno gani?"

Hakukana. Akasema, "'Mama, hama. Mimi sitakuja.'"

"Kwa nini hukutumia jina lako?"

"Langu alikwisha kulikataa. Mgambo wangembeba mzegamzega. Nilimwokoa."

"Na baada ya hapo? Miaka tisa, kaka."

Akageukia ukutani.

Ninajua hali ilivyokuwa, niliiandika gazetini. Huenda ni kweli wangembeba. Lakini mama alikufa akiamini kwamba nilimwandikia maneno yale, na mtu pekee aliyeweza kumwondolea imani hiyo alikuwa akila naye kila siku.

Jumanne ya wiki ijayo kaka anafanyiwa upasuaji. Anataka nimwambie mbele ya wanawe kwamba nimemsamehe. Mimi nimesema aanze yeye kuwaeleza alichofanya. Binti yake mkubwa amenipigia simu mara mbili: "Shangazi, nakuomba, ya zamani yasitajwe. Baba hana nguvu. Akifia kwenye kitanda cha upasuaji utajisikiaje?" Nikisamehe kimya kimya, watoto wale wataendelea kuamini kwamba bibi yao alihama kwa neno langu. Nikikataa, huenda nisimwone tena.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, hasa mliowahi kukaa kwenye kikao kama hiki, niambieni la kufanya. Wanamleta kwangu Mbwawa Jumamosi hii, saa nne asubuhi.