Chafya ya Kimya

“Mjomba, chafya gani inabomoa ukuta wa chuma?”

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la pili, nimekaa chini sebuleni kwetu, televisheni imeganda kwenye picha ya mwisho ya tamthilia niliyoipenda kuliko likizo. Mjomba alikuwa anakunja waya wa kipaza sauti chake kama alivyoukunja siku zote, kiganja hadi kiwiko, kiganja hadi kiwiko. Hakugeuka.

“Ya mtu aliyeibana muda mrefu,” akasema. “Kunywa chai yako.”

Niliinywa, lakini jibu halikushuka nayo. Watu wazima wakumbuke kwamba mtoto ukimjibu ovyo hasahau, anangoja tu akue.

Mjomba ni kaka yake mama, na enzi hizo alikuwa mtafsiri wa filamu. Nyuma ya duka la kukodisha diski palikuwa na chumba kisicho na dirisha, kuta zimebandikwa trei za mayai ili kupunguza kelele za barabarani. Asubuhi mwenye duka analeta diski ya kigeni. Mjomba anawasha kipaza sauti, filamu inaanza, na yeye anaongea kwa niaba ya wote: polisi, mwizi, bibi harusi, hata mbwa ikibidi. Jioni diski ziko mtaani. Hakukuwa na kuitazama kwanza wala kurudia, kwa sababu duka la ng’ambo ya barabara nalo lilikuwa na mtafsiri wake, na anayechelewa anakula vumbi. Neno likishatoka limetoka. Ukikosea unasonga mbele kwa uso mkavu mpaka kosa lenyewe lijione sahihi.

Tamthilia ilihusu wanafunzi wa shule ya bweni, kila mmoja na kipawa chake cha ajabu. Majina yao ya kigeni yaligoma ulimini, basi Mjomba aliwabatiza upya dakika ile ile ya kwanza, wakipita mmoja mmoja langoni mwa shule. Binti Radi, anayetoa umeme vidoleni. Mbio, anayefika kabla hujamwita. Mkuu wa Shule, mtu mwenye roho ya korosho, aliyekuwa anawanyonya wanafunzi nguvu zao. Na wa mwisho Kimya, kijana mwembamba aliyefunga skafu mdomoni hata jua likiwaka.

Kimya ndiye aliyekuwa wetu. Jina lake Kimya, mdomo wake hauna breki. Binti Radi akitoa cheche, yeye anasema, “Dada, ungehamia kwetu, huku umeme ukikatika tunakaa wiki.” Wenzake wakitimua mbio, yeye nyuma, “Mimi sikimbii, nawasindikiza.” Mkuu wa Shule akipita ukumbini, “Mwangalieni, anatembea kama kavaa viatu vya mdogo wake.” Mtaa mzima ulikuwa unaongea Kimya. Kondakta alikuwa anamjibu abiria kwa maneno ya Kimya. Mwalimu wetu wa hesabu, mkali kama wembe, aliwahi kusema “nawasindikiza” kisha akakohoa.

Lakini hakuna aliyempenda kama Bibi, mzazi wa mama na Mjomba. Macho yake yalikuwa yamefungwa na mtoto wa jicho, alibaki anaona mwanga tu na kivuli cha mtu mlangoni. Mama alikuwa anafua mashuka hospitalini kutwa nzima, na Bibi hakuweza kuachwa peke yake, maana alishajaribu kuwasha jiko mwenyewe akaunguza pazia. Basi kila asubuhi Mjomba alimshika mkono, wakaenda naye kazini, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki nyuma yake, kwenye chumba cha trei za mayai. Bibi aliijua tamthilia nzima kwa masikio. Jioni akirudi ananiambia, “Leo yule mtundu wangu kanivunja mbavu,” na mimi ndiye niliyekuwa naona wivu.

Halafu ikaja sehemu ya mwisho ya msimu.

Mkuu wa Shule amewafungia wote nyuma ya ukuta wa chuma, maji yanapanda. Kimya amebaki nje peke yake. Anafungua skafu taratibu. Kwa mara ya kwanza tunauona mdomo wake. Anaufungua, na ukuta unaporomoka kama biskuti kwenye chai. Kwenye diski ya Mjomba, hapo kuna ukimya mdogo, halafu sauti yake ikaja: “Jamani, mafua haya... chafya hiyo inakuja... haaa-chyaa!”

Mtaa ulicheka wiki nzima, na kwa wiki hiyo kilikuwa kicheko cha heri. Kisha duka la ng’ambo likatoa tafsiri yake. Mtafsiri wao akatangaza kwenye spika nje ya mlango: njooni mwone sehemu ya mwisho isiyo na mafua. Kwao, na hilo nililijua baadaye maana sisi hatukukanyaga kule, Kimya hakuwa amesema neno hata moja tangu mwanzo. Wateja wakahama. Mwenye duka, ambaye miaka yote alikula kupitia koo la Mjomba, hakumwita hata wakakaa wakaongea. Alibadilisha kufuli la chumba. Mjomba alifika asubuhi na Bibi mkononi, akajaribu ufunguo, akajaribu tena, kisha akamwambia mama yake kwamba leo umeme umekatika.

Kabla ya hapo mtaani aliitwa Sauti. Kuanzia hapo akaitwa Chafya.

Hilo ndilo lililonikaa rohoni. Watu waliosema Kimya hivi, Kimya vile, wakaazima utani wake bure hadi ukaisha ladha, hao hao walipiga chafya Mjomba akipita. Kinyozi wa kona ndiye aliyekuwa sugu. Alikuwa anaacha kichwa cha mteja nusu, anatoka mlangoni, anapiga chafya, anarudi. Mtu mzima, ana watoto. Siku moja nikamwambia, “Shikamoo. Nyumbani kwenu hamna dawa ya mafua?” Akacheka, na mama akaniadhibu mimi kwa kukosa adabu. Yeye mwenye ndevu hakupewa kitu.

Bibi alifariki nikiwa darasa la saba. Wiki zake za mwisho hakutaka redio. Alikuwa anasema, “Niitieni Kimya,” na Mjomba anakaa ukingoni mwa kitanda, anaongea kwa ile sauti ya puani aliyompa Kimya, anamsimulia mambo ya shuleni kwao. Bibi alikuwa anacheka bila nguvu, mabega tu.

Sasa niko sekondari, na mwaka huu mtu asiyekuwa na kazi alikata kile kipande cha chafya akakirusha kwenye simu. Kikazunguka. Asubuhi nikaingia darasani, nikakuta kiranja amesimama juu ya dawati na simu iliyokatazwa, wenzangu wamemzunguka wanacheka hadi machozi.

“Huyu mtafsiri alikuwa amelala,” kiranja akasema.

“Huyo ni mjomba wangu.”

Wakageuka kunitazama. Kisha mtu nyuma akapiga chafya.

Niliwaambia kwamba hawajui kitu, kwamba waangalie tamthilia yenyewe tangu mwanzo ndipo wataona ile chafya ina maana yake. Niliahidi kuwaletea ushahidi. Niliamini ninachosema. Mimi ndiye niliyekuwa mpenzi wa kweli wa tamthilia ile, wao walikuwa wanacheka kipande tu.

Basi kila Jumamosi baada ya kufua nikachukua simu ya mama, nikaitazama upya, safari hii na sauti zake za asili na maandishi yanayopita chini ya picha. Nilikaa kitandani na mto magotini kama zamani. Sehemu ya kwanza, Kimya anapita langoni. Haongei. Anaingia bwenini. Haongei. Wenzake wanakimbia, yeye nyuma, anahema tu kwenye skafu. Nilingoja “nawasindikiza” kama mtu anayengoja mgeni stendi, magari yote yanafika, yeye hayumo.

Na kwenye sehemu ya pili maandishi yanaeleza waziwazi. Kipawa cha Kimya ni sauti yake. Akitamka neno, vitu vinavunjika. Alishawahi kumjeruhi mdogo wake kwa kumwita tu. Ndiyo maana amejifunga mdomo, msimu mzima, ili asiwadhuru anaowapenda. Mwishoni, mbele ya ukuta wa chuma, anasema neno moja: jina halisi la Binti Radi. Niliona maandishi yale yanapita, nikalia. Kisha hasira ikanipanda.

Hasira juu ya Mjomba, sasa. Kinyozi nilimsahau kabisa. Mtu ameweka roho yake yote kwenye kunyamaza, na wewe unamtia mdomoni utani wa viatu? Kitu kizuri kuliko vyote kwenye tamthilia nzima, umekipiga chafya. Halafu unaniambia ninywe chai. Miaka yote nimegombana na watu kwa ajili yako, nimenyimwa chakula cha jioni kwa ajili yako, kumbe kinyozi alikuwa na haki.

Nikatoa diski zake kwenye kabati la mama. Nilitaka niyajue makosa yake yote, niende nayo yakiwa ya moto. Nikaweka ya kwanza kwenye deki yetu kuukuu, nikaongeza sauti hadi mwisho.

Langoni wanapita. “Huyu tumwite Kimya,” anasema Mjomba, na kweli kijana yuko kimya. Bwenini, Binti Radi na Mbio wanabishana. Mlango unalia, hatua za miguu zinasikika. Kimya anaingia, anasimama. Na hapo, mbali, nyuma ya sauti ya Mjomba, kama mtu aliye chumba cha pili, nikasikia:

“Nani huyo kaingia?”

Nikarudisha. Ni Bibi.

“Nani huyo kaingia?” Ikapita sekunde. Halafu ile sauti ya puani, kwa mara ya kwanza kabisa: “Ni mimi. Nimechelewa, msinifungie mlango.”

Na Bibi akacheka.

Nikasikiliza zote. Kila Kimya anapoingia kuna mlango, kuna hatua, na Mjomba hamwachi akakaa bila neno. Na kila akisema, kuna kile kicheko nyuma, chembamba. Utotoni nilidhani ni cha kwenye filamu.

Jumapili nikaenda kwake. Siku hizi Mjomba ana kibanda sokoni, anarekodi matangazo ya wachuuzi: dawa ya panya, kunguni, mende, spika inarudia yenyewe siku nzima mwenye nayo akisinzia. Hata huko bado ni yeye. Mende wake wana majina. Kinyozi wa kona alikuwa amekuja kununua viwembe kibanda cha jirani. Akaniona, akapiga chafya.

“Afya,” Mjomba akamjibu, bila kuinua kichwa. Ndivyo anavyomjibu miaka yote.

“Shikamoo, Mjomba.”

“Marahaba, mpwa wangu. Mbona umevimba kama andazi?”

“Nimeitazama upya. Yote. Kimya haongei.”

“Ahaa.”

“Wanasema hukujua. Wanasema ulitafsiri bila kutazama mbele, ukajichimbia shimo, mwishoni ukatumbukia.”

“Kazi yenyewe ndivyo ilivyokuwa.”

“Lakini jina ulimpa Kimya kabla hajafungua mdomo. Na sehemu ya pili wameeleza yote. Ulijua, Mjomba. Zilibaki sehemu chungu nzima, ungeweza kunyamaza. Umekubali uitwe Chafya na watu wasiokufikia hata kwenye kamba za viatu, na umeniacha mimi nakutetea kama mjinga.”

Nikatoa simu. Nilikuwa nimerekodi pale bwenini, nikamwekea. Mlango ukalia, hatua, na ile sauti ya mbali: “Nani huyo kaingia?”

Mjomba alinyoosha mkono akazima spika ya dawa ya panya. Akaomba nirudie. Nikarudia. Alikuwa ameshika waya wa kipaza sauti, ameanza kuukunja, akaacha katikati.

“Sijawahi kuisikiliza,” akasema. “Tangu nilipoirekodi.”

“Basi nijibu. Siyo la chai. Kwa nini chafya?”

Alitazama viatu vyake kwanza.

“Bibi yako alikuwa haoni, na kwa asiyeona, asiyeongea hajaja. Ile siku ya mwisho kijana akafungua skafu, mimi nikanyamaza. Nilitaka nifanye kazi yangu kama inavyotakiwa, hata mara moja tu. Mama akanishika bega kwa nyuma, akaninong’oneza sikioni, ‘Mbona mwanangu kanyamaza, wamemuua?’ Ukuta ndio huo unaanguka, na mimi nina pumzi moja. Nimwambie nini, mpwa wangu? Kwamba yule kijana hajawahi kusema naye hata neno moja? Nilishindwa. Nikapiga chafya.”