Simu Niliyoitengeneza Ilimkata Mama Mkubwa Kwenye Salamu

Admin, nifichie jina. Huku Palma, kaskazini mwa Msumbiji, tunajuana hadi kwa kikohozi.

Mimi ni mwanamume wa miaka ishirini na tisa, nina mke na mtoto mmoja. Kompyuta nilisomea Pemba, hii ya huku kwetu Msumbiji, si ya Zanzibar. Gesi ilipopatikana na watu wa Afungi wakaambiwa wahame kupisha mradi, kampuni moja ndogo iliniajiri niwatengenezee simu ya malalamiko. Nilichukua programu ya simu ya bure, ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuichukua na kuibadilisha, nikaiweka kwenye seva ya kukodi ng'ambo. Hata hiyo seva si mashine nzima, ni kipande tu cha mashine ya watu. Ukipiga unasikia sauti yangu, kisha mlio, unaeleza shida yako, inarekodiwa, kisha karani wa ofisini anasikiliza na kuiandika kwenye orodha. Nafasi ilikuwa ndogo, basi nikaweka dakika moja kwa kila mtu, na rekodi zijifute baada ya mwezi.

Kosa langu ni adabu. Niliona aibu mashine imwambie mzee wa watu "sema shida yako" kavukavu. Nikarekodi: "Assalaam aleikum. Shikamoo. Habari za nyumbani?" Chefe wetu, yaani bosi, mtu wa Maputo, alinisifu, nami nikavimba kichwa.

Mama mkubwa ndiye aliyenilea. Mumewe alizikwa Afungi shambani kwao, kaburi halina alama, yeye peke yake ndiye anayelijua. Makaburi yalitakiwa yaandikishwe ili yahamishwe kwa heshima. Miguu inamsumbua, nikamwambia asihangaike kwenda ofisini, apige simu. Akapiga mara nne.

Juzi nilimtembelea kwenye nyumba mpya aliyohamishiwa, akaniuliza watamchukua lini akawaonyeshe kaburi. Nikarudi kutazama orodha. Mbele ya namba yake, mara zote nne, karani ameandika "sem assunto", yaani hana shida. Rekodi tatu zilishajifuta. Ya nne nikaisikiliza.

"Waaleikum salaam. Marahaba, mwanangu. Sisi hatujambo, sijui nyie. Mkeo hajambo? Mtoto ameanza kutembea?" Anauliza, ananyamaza kungoja jibu, anauliza tena. Mwisho akasema, "Haya. Lililonifanya nipige ni la baba yako mkubwa, kule..." Ikakatika.

Nikasikiliza za wazee wengine. Karibu wote walikatwa kwenye salamu.

Nikamwendea chefe. Alinisikiliza vizuri tu, kisha akasema, "O prazo acabou. Muda wa kuandikisha makaburi umekwisha." Ua wa mradi umeshafungwa na matingatinga yameshapita lile shamba. Hata mimi mwenye kitambulisho cha kazi siruhusiwi kufika huko. Kuongeza dakika kulikuwa kubadilisha namba moja tu kwenye programu. Nimeibadilisha sasa, na nimelia kama mtoto.

Yeye hajui lolote. Anawasifia majirani kwamba mwanawe ana heshima, kila akipiga anaamkiwa kwanza. Jana amepiga tena, na safari hii mashine haikumkata. Alisalimia kwa raha zake, kisha akaeleza yote: mkorosho uliopinda, hatua saba kuelekea kibla, hapo ndipo alipolala mumewe. Akamalizia, "Ahsante, mwanangu. Leo umenisikiliza mpaka mwisho."

Ndugu zangu, naanzia wapi kumwambia? Nishaurini, mimi nimeshindwa.