Kyubu Sita za Digodigo

Kazi yangu hapa Karatu ni kuvunja zege. Wajenzi huniletea kyubu, yaani vipande vya zege vyenye umbo la mchemraba walivyovimwaga siku ileile waliyomwaga nguzo, nami naviweka kwenye mashine inayovikandamiza hadi vipasuke. Kompyuta iliyo pembeni husoma nguvu ya mashine mara nyingi kwa kila sekunde, huchukua kilele chake, hukigawa kwa eneo la uso uliokandamizwa, kisha hutoa jibu moja, namba ya uimara wa zege. Kwa jibu hilo, nguzo hubaki au hubomolewa.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa programu mpya niipange. Niliiagiza isimame mara tu nguvu inaposhuka, hata kidogo, kwa sababu niliogopa vipande visiruke vikaharibu kifaa kinachopima nguvu. Niliuona huo ndio uangalifu.

Wiki hiyo alikuja fundi mmoja mzee kutoka Digodigo, juu ya lori la maharage, na kyubu sita alizozifunga kwa magunia mabichi. Alikuwa siku mbili njiani, akiyamwagia maji magunia kila lori liliposimama. Kyubu zilikuwa za nguzo za wodi ya wazazi. Mhandisi wa jengo hilo alishamwambia kwamba zikishindwa, nguzo zote zinavunjwa na kazi anapewa mwingine. Akakaa kwenye benchi, kofia magotini.

Juu ya kila kyubu alikuwa amechora alama kwa msumari, zege likiwa bado bichi. Nikaiweka ya kwanza alama ikiwa juu, ili niisome ninapojaza fomu. Mashine ikapanda, ikasita, ikasimama. Jibu: tisa. Ilitakiwa ishirini na tano. Ya pili ikatoa kumi na moja.

"Pole, mzee," nikasema. "Zinashindwa."

Hakubisha. Aliinyanyua ile ya pili, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Binti, hii imevunjika wapi?"

"Kompyuta ndiyo imesema."

"Kompyuta nimeisikia. Nauliza wapi."

Nikaigeuza pande zote. Haikuwa na ufa. Palikuwa na vumbi kidogo tu, pale kwenye alama.

"Hapo nilisawazisha kwa mwiko," akasema. "Mkono wangu si kioo, panabaki vijinundu. Umevisaga vijinundu, mashine yako ikaaga. Ina haraka kama dereva wa watalii anayewahi geti la hifadhi."

Nilicheka, ingawa uso ulikuwa unanichoma. Chuoni nilifundishwa kuilaza kyubu ubavu, ili nyuso laini zilizogusa kuta za kalibu, lile kasha la kumwagia zege, ndizo zikandamizwe. Alama yake ilinisahaulisha. Na vile vijinundu viliposagika, nguvu ilishuka kidogo, programu ikaamini zege limekwisha, ikagawa namba ya njiani badala ya kilele.

Nikamvutia kiti mbele ya kompyuta, nikamweleza mpangilio mstari kwa mstari. Kisha nikaubadilisha, isimame pale tu nguvu inapoporomoka kwelikweli.

"Kwa hiyo umeiambia isubiri," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Vizuri. Mimi nimesubiri siku ishirini na nane zege likomae, nayo ijaribu."

Zile mbili nilizitenga, nikaandika kwenye ripoti kwamba kosa lilikuwa langu. Nne zilizobaki nikazilaza ubavu. Ya kwanza ilipita ishirini na tano ikaendelea kupanda, halafu ikapasuka kwa kishindo kilichotikisa meza. Thelathini na moja. Hata iliyokuwa dhaifu kuliko zote ilifika ishirini na saba. Fundi aliikunja ripoti, akaitia ndani ya kofia, akaivaa.

Namshukuru hadi leo. Angenigombeza, ningejitetea, na nguzo nzuri zingebomolewa kwa saini yangu. Yeye aliuliza tu.

Kyubu moja kati ya zile mbili ndiyo inayozuia mlango wa maabara yetu usijifunge. Kila anayekuja kujifunza kazi nampa aishike kwanza, kabla hajagusa kompyuta, nikamwambia ilipata tisa. Kisha namwomba anionyeshe imevunjika wapi.