Pascalia na Walinzi Wawili wa Kompyuta

Ukimtafuta Pascalia hapa Junda usiulizie fundi wa kompyuta, maana utaulizwa fundi yupi. Ulizia yule dada wa Kitui anayekukalisha mwenyewe mbele ya mashine yako. Hapo utaonyeshwa mpaka mlangoni. Kibanda chake kiko ubavuni mwa kinu cha kusaga mahindi, na tangu nimjue sijamwona akipeleka kompyuta ya mtu nyuma ya pazia. Yeye huketi kando, mwenye mali ndiye anayebonyeza. "Kitu chako, mkono wako," husema. Wenye haraka humkimbia. Mimi namshukuru Mungu kwa ajili yake, na sababu ni Mwalimu Nguma.

Mwalimu Nguma ametufundisha kwaya miaka mingi. Nyimbo alizitunga mwenyewe kwa Kigiriama, hazimo kitabuni. Alipopata kiharusi, mkono wa kulia ulilala na sauti ikaenda. Zilibaki zile nyimbo alizorekodi akiwa mzima, nazo zilikuwa kwenye kompyuta yake ya nyumbani, si kwingine. Kila jioni mkewe, Kahaso, alimfungulia akasikiliza.

Sasa kompyuta ikaanza kukwama. Kumbe Mwalimu, kabla hajaugua, alikuwa na antivairasi moja, ile programu ya kukinga virusi, akaongeza na ya pili. Alisema mlinzi mmoja husinzia. Basi wale walinzi wawili wakawa wanashikana mashati humo ndani badala ya kulinda. Mpwa wa Kahaso akataka kuitoa ile ya kwanza, akafuta folda yake tu. Ikabaki nusu, haitoki wala haifanyi kazi. Wakati huohuo nyimbo zikawa hazionekani. Fundi mmoja akashauri kila kitu kifutwe, kompyuta ianze upya. Kahaso alikuja kwangu analia, nikamwambia twende kwanza kwa Pascalia.

Pascalia alikuja nyumbani kwao Jumamosi baada ya chakula. Akamwamkia Mwalimu kwa heshima, Mwalimu akainua mkono wa kushoto.

"Mama, keti hapa," Pascalia akamwambia Kahaso.

"Mimi? Mwanangu, mimi najua kuchezesha nyimbo tu!"

"Basi kubonyeza unajua. Keti."

Kwanza walinakili picha na barua zote zilizoonekana, wakaziweka kwenye flashi. Kisha Pascalia akamwelekeza jambo lililonishangaza: ile antivairasi iliyobaki nusu irudishwe nzima.

"Si tunaitoa?" nikauliza.

"Tunaitoa, mama. Lakini ikiwa vipande haijui njia ya kutoka. Tuikamilishe kwanza, halafu tuiage vizuri."

Ikaagwa kwa njia yake, kule kwenye orodha ya programu, kompyuta ikazimwa na kuwashwa. Ikafuata ile ya pili. Hiyo ikatoa swali kwenye kioo, na Kahaso alikuwa amechoka, kidole tayari kinashuka.

"Ngoja!" Pascalia hakumshika mkono, alisema tu. "Nisomee."

"Wauliza kama tufute na vilivyofungiwa. Si ni virusi? Tufute!"

"Tumewaona waliofungiwa ni nani?"

Kahaso akakiondoa kidole. Wakarudi nyuma, wakafungua mahali pale antivairasi huwekea vitu inavyovishuku. Jina la kwaya yetu likatokea. Nyimbo zote zilikuwa zimefungwa katika faili moja pamoja na kiprogramu kibovu kilicholetwa na flashi ya mtu, mlinzi akawakamata wote, mwizi na mwenye nyumba. Kahaso aliuficha uso kwa leso. Kidole kile kingeshuka kidogo zaidi, nyimbo zingekuwa zimepotea.

Pascalia hakushangilia. Akamwongoza Kahaso kuitoa faili ile kwenye kifungo bila kuifungua. Kisha ile ya pili ikaagwa, halafu kikaletwa kifagio, programu ndogo ya kusafisha ya kampuni iliyotengeneza kila moja, kuondoa makombo yaliyobaki. Kompyuta ikawashwa tena. Ndipo ikawekwa antivairasi moja, moja tu, kutoka kwa wenyewe walioitengeneza, ikapewa habari mpya za virusi, ikaanza kukagua ile faili.

"Mwalimu atanuna, umemwachia mlinzi mmoja," nikatania.

"Huyu hasinzii mkimlisha. Akiomba habari mpya, mpeni, msimwambie kesho."

Ikakamata kiprogramu kile, ikakitupa. Nyimbo zikabaki safi. Kahaso akatutazama.

"Bonyeza, mama," Pascalia akasema. "Hiyo unaijua."

Sauti ya Mwalimu ikajaa chumba, yeye mwenyewe akiongoza, nasi nyuma yake. Katika ubeti wa pili sisi wa sauti ya chini tuliingia kabla ya wakati, kama kawaida yetu. Mwalimu pale kitini akaupiga mkono wa kushoto hewani, ile ishara yake ya kutusimamisha, akanikazia macho mimi.

"Nimesikia, Mwalimu," nikasema. "Tutarudia."